Pete Iliyolala Kwenye Siki

Baba Mbithi,

Muthokoi umo sufuriani, upashe moto. Lakini ile siki iliyo bakulini usiitie kwenye kachumbari! Ndimo nilimoilaza pete uliyoniletea. Dada yako Mbeti alisema dhahabu ya kweli haigeuki rangi kwenye siki, nami nikataka kumziba mdomo. Asubuhi tumeikuta kijani kama sukumawiki. Mbeti amecheka mpaka machozi. Mimi nimenuna kidogo.

~~Mrudishie leo leo huyo tapeli aliyekuuzia.~~

Wacha, usirudishe kitu. Nimeisugua kwa majivu, nimeivaa, nimeenda kwaya huko mtaa wa Tena. Tangu unioe sijawahi kuvaa pete. Leo nitaimba nimeinua mkono huo huo.

Nikirudi na kidole cha kijani, ole wako ukicheka.

Mkeo,
Mama Mbithi