Chekeche jipya la fundi Eliya

Jumatano, Kasulu

Siamini. Mashine ile ile ya kusaga mihogo, umeme ule ule, na tangu fundi Eliya aifungue Jumatatu, mzigo wa kutwa nzima unaisha kabla ya saa saba. Meneja anampongeza kila akipita. Mimi, msimamizi wa usagaji, roho haitulii. Labda ni wivu tu.

Mchana nilimuuliza Eliya amebadilisha nini.

"Nimeweka chekeche jipya, mama Neema. La zamani lilikuwa limeziba."

"Liko wapi hilo la zamani?"

"Nimelitupa."

Nani anatupa chuma Kasulu? Hata msumari uliopinda tunaunyoosha.

Sikubishana. Nilibeba kilo moja ya unga nyumbani, nikasonga ugali wa jioni. Mama mkwe hajui lolote la kiwandani. Alitia tonge mdomoni, kisha akatoa chenga kwenye ulimi.

"Mwanangu, leo mashine zimegoma? Umetwanga mwenyewe?"

Kwa hiyo matundu ya hilo chekeche ni makubwa, ndiyo maana unga unakimbia. Na magunia ya siku tatu yameshaondoka kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta. Saini ya ukaguzi kwenye kila gunia ni yangu.