Sigara ya Baba

Jumatano, Suji

Mume wangu kanipasua mdomo tena. Eti nanuka sigara, namwaibisha kanisani.

Na aliyenifundisha kuvuta ni baba. Nikiwa mdogo alikuwa akinituma jikoni nimwashie sigara kwenye kaa la moto. Ikimfikia imezimika, ni mkanda. Nikawa naivuta njiani isizimike. Mpaka leo nikipigwa, naitafuta.

Jioni baba kaja kutupatanisha. "Vumilia, mwanangu." Yeye, wa kwanza kunipiga! Kisha akamgeukia binti yangu: "Mjukuu wangu, hebu kaniwashie hii jikoni."

Mtoto akarudi anaivuta, huku anakohoa na machozi yanamtoka.

Nilimnyang'anya, nikaizimia kwenye kiganja cha baba. Akapiga yowe.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigusa.