Kutoka Samaki Hadi Sahani

Jumatatu, 7 Julai
Swali la thelathini na moja la mazoezi leo. Herufi, herufi tu. Geuza neno hili liwe lile kwa hatua chache kabisa: ongeza herufi, futa, au badilisha. Nani hulipwa kwa upuzi huu? Sielewi kitu. Nakariri kama kasuku. Intavyu ni Alhamisi, kazi ya kuandika programu, nafasi moja. Darasani kwetu tumeitwa wawili, mimi na Zuhura. Nikikosa, narudi dukani kwa mjomba kupima vitambaa. Sitaki!

Jumanne, 8 Julai
Zuhura kaja kutoka Majengo na daftari lake la miraba. Kachora jedwali: neno samaki juu, neno sahani ubavuni.

"Usilitazame lote, shoga. Kila kiboksi chaangalia jirani zake watatu tu, chachukua aliye nafuu."

Kona ya mwisho ikatoka mbili: hatua mbili tu, samaki kawa sahani. Nikaitikia kichwa. Uongo. Nimelikariri na jedwali lenyewe. Twagombea nafasi moja, naye anifundisha! Kinyaa, lakini sikumzuia.

Alhamisi, 10 Julai
Swali lilikuwa lile lile la herufi. Bwana wa intavyu alitangulia kusema: kama umeshaliona, tuambie, tutakupa jingine. Nikasema sijaliona. Kisha maigizo. Nikakuna kichwa. Nikaandika mstari wa makosa kusudi, nikaufuta. "Labda tukichora jedwali?" Wakatabasamu wote.

Zuhura aliingia baada yangu. Akawaambia swali lile ameshaliona. Wakampa jingine, likamshinda. Katoka akicheka, kanihadithia yote pale pale mlangoni.

Nimeoga mara mbili. Kibarani, enzi za jaa la taka za mji, hakukunuka hivi.

Jumamosi, 12 Julai
Simu. Kazi ni yangu. Eti wamependa namna ninavyofikiri. Ptu! Mama kapiga vigelegele mpaka kichochoro kizima kikajua. Mahamri nimeyaacha sahanini.

Jumapili, 13 Julai
Zuhura kaja na halwa. Kauliza mimi nilipewa swali gani. Nikasema jingine kabisa, wala silikumbuki vizuri.

"Afadhali," akasema. "Lile letu ungelazimika kuwaambia."

Kaniachia daftari, eti nitalihitaji kazini. Jina lake liko juu ya jalada, kwa kalamu ya buluu. Nimelilaza kifudifudi mezani. Mama amekula halwa, amesifu. Mimi nimeosha sahani.