Kopo Nililokutumia

3 Machi

Mwanangu wa maabara,

Habari za huko? Mimi nakula, nalala. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikusomewa. Unasema seli za tumbo hupeana habari, na kuna kijidudu kinazidanganya "gawanyikeni, gawanyikeni" mpaka inakuwa saratani kama ya mama yako. Mimi fundi umeme miaka arobaini na mbili, nimekuelewa: swichi imeganda, taa haizimiki. Lakini nyaya zangu nzima. Kopo la choo ulilotaka kupima hilo, pima, uache kelele.

Baba yako

12 Machi

Shikamoo baba,

Mgongo umepoa? Kijidudu kimeonekana. Usitishike. Kikitolewa mapema, zile habari za uongo zinakatika kabla hazijaleta saratani. Meza dawa hizi siku kumi na nne, usiruke hata moja. Tumbo bado linachoma?

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika. Dawa zimekwisha, baba yako mdogo anashukuru. Kopo lilikuwa lake. Nilimwambia, "Wewe unakula kama mashine, nisaidie." Akacheka, "Kaka, wewe wa kuogopa kopo?" Mimi! Niliyepanda nguzo mvua inanyesha! Basi dawa nikampa, kijidudu si chake? Mimi nimetoboa mkanda matundu mawili zaidi, suruali inashuka. Usije. Sijambo.

Baba yako

4 Aprili

Shikamoo baba,

Nimesoma mara nne, kisha nikarudi kuosha vioo vya darubini. Sikulia. Kopo sasa halitoshi. Alhamisi nenda hospitali wakuangalie tumbo kwa kamera. Baba mdogo akupeleke.

Mwanao

23 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Nilikwenda. Ule mpira wa kamera nikaumeza bila kushikwa, waulize. Walikata kinyama, jana wakatupa majibu. Ni ugonjwa ule ule wa mama yako. Daktari alisema mengi, mimi naangalia taa yao ya ukutani, inapepesa, waya umelegea. Nikamwambia muuguzi, "Nipe bisibisi." Akasema, "Kaa, mzee." Nikakaa.

Wiki ijayo wanasema watanipasua. Haya.

Makopo haya matatu ni ya kaka yako na wanawe wawili. Kaka yako alileta ubishi, eti yeye mzima. Nilisimama mlangoni mwa choo mwenyewe. Kila mtu katoa lake.

Baba yako