Masanduku ya Kwezi kwenye Miti ya Ajia

Ajia, 4 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute salama karakanani kwako, na miwani yako haijakaliwa tena na mtu. Mimi ni mzima. Kila mara unauliza kama ninakula, ninakula, Baba. Najua simu imekushinda kwa ajili ya masikio, na herufi za ujumbe unasema ni ndogo kama chawa, kwa hiyo nimempa Siraji wa gari la Koboko akukabidhi hii mkononi.

Nina ombi. Shemeji yangu Acidri ameukata ule mti mkavu nyuma ya nyumba ili achomee matofali. Ni haki yake, mti ni wa kwao. Lakini ulikuwa na matundu, na ndani waliishi kwezi, wale ndege weusi wanaong'aa buluu juani. Sasa wanazunguka juu ya uwanja wakipiga kelele, hawajui waende wapi. Tangu mume wangu Santo afariki, hao ndio waliokuwa wakiniamsha asubuhi. Nitengenezee masanduku madogo matatu yenye tundu la duara mbele, nitundike mitini wapate pa kuzalia.

Mengine ni yale yale. Bado natembea kwa kunyata. Wazee wa ukoo walisema nibaki katika nyumba ya marehemu maadamu ninakaa kwa utulivu. Sikuzaa, Baba, sina mtoto wa kunishikia nafasi hapa. Nikikosea kidogo tu nitaambiwa nifunge virago, na Santo nitamwacha amelala peke yake pembeni mwa shamba la mihogo. Hilo silitaki. Mama mkwe, Eyotaru, haniongeleshi tangu mazishi. Tunapishana kisimani kila mmoja akiangalia ndoo yake.

Ramadhani inakaribia. Nitafunga peke yangu katikati ya Wakatoliki.

Mwanao,
Latifah


Koboko, 17 Machi 2024

Binti yangu Latifah,

Waalaikum salaam warahmatullah. Mimi sijambo, ni mgongo tu, na njaa ya saumu inayonifanya niandike kama kuku anayeparua. Je, wewe hujambo kweli, au ni ujambo wa barua?

Masanduku haya hapa, Siraji anayo. Maisha yangu nimetengeneza milango, vitanda, majeneza na mizinga ya nyuki, lakini nyumba ya ndege ni mara ya kwanza. Watu wamepita hapa wakiniuliza kama nimeanza kuota mchana. Nikawaambia, mnunue redio mkasikilize habari, mniache nifanye kazi.

Nimetumia mtiki mzuri. Mbao mpya zina harufu kali ambayo viumbe hawaipendi, kwa hiyo ndani nimezipitisha kwenye moshi na kuzipaka nta, kama ninavyofanya kwa mizinga. Hao kwezi wako watafikiri wamefika hotelini.

Sasa neno langu, na usinikasirikie. Rudi nyumbani. Unaishi kwa ruhusa, Latifah, na ruhusa ya watu ni jambo la kukosesha mtu usingizi. Mimi hapa ndiye nisiyelala. Kila gari la Arua, linalopita huko kwenu, linaposimama nachungulia, naogopa utashuka unalia, na usiposhuka nasikitika vilevile. Akili gani hii?

Baba yako,
Umaru


Ajia, 3 Aprili 2024

Baba,

Salaam nyingi. Afya nzuri, moyo ndio hauko mahali pake. Saumu yako inaendaje?

Masanduku niliyatundika mwenyewe kwa ngazi, kwenye mivule mitatu ya mpakani na shamba la shemeji, kwa sababu uwanjani nina mipapai tu. Kwezi walikuja, wakakaa juu, wakachungulia, wakaondoka. Nikasema labda wanaona haya. Juzi nikasikia mngurumo nikadhani ni pikipiki. Ilikuwa nyuki, Baba, wingu zima. Waliingia katika sanduku la katikati wakajaa mpaka wengine wakabaki wananing'inia nje.

Nilicheka. Nilidhani ni kichekesho, nikawa nakutafutia maneno ya kukusimulia. Halafu akaja Acidri. Kwa kawaida huongea nami Kilugbara chao polepole nielewe, lakini akiwa na hasira hurudia Kiswahili chake cha kambi ya jeshi.

"Mzinga hii nani alitundika?"

"Mimi, shemeji. Lakini hii hapana mzinga, iko nyumba ya ndege."

"Ndege gani inauma mutu?" Hakuwa anatania. "Wewe iko najua kabisa. Mutu akitundika mzinga, nyuki ikikubali, mti iko yake. Na udongo chini ya mti iko yake. Mpaka watoto yake itarithi."

Sikujua! Wallahi sikujua. Nyumbani kwetu Koboko mzinga ni bidhaa, unapigwa randa, unauzwa, basi. Huku ni kama kupigilia kigingi ardhini. Tena mpakani, miti mitatu kwa mstari! Anaona mjane asiye na mtoto, Mnubi wa mjini asiye wa kabila lao, anaanza kujimegea shamba kwa ujanja. Nilimwambia nitayashusha. Akasema nisiguse kitu mpaka wazee waone.

Naogopa, Baba. Kwa nini nyuki, na nilitaka ndege?

Mwanao,
Latifah


Koboko, 5 Aprili 2024

Latifah mwanangu,

Salaam. Sina nafasi ya kuulizia afya, nisamehe.

Ni nta! Ni ile nta yangu. Nta na moshi ndivyo tunavyowaita nyuki katika mzinga mpya. Mikono yangu imezoea, ilifanya bila kuniuliza. Nimekutengenezea mizinga mitatu, nikakutumia kama zawadi, wewe ukaenda ukaitundika mpakani mwa watu. Nimekaa hapa kwenye benchi tangu asubuhi, randa imenishinda.

Waambie wazee ni mimi. Sema baba yangu alikuja akatundika, mzee mjinga wa Koboko, hasikii vizuri na haelewi desturi. Nitupie mimi kosa lote. Wewe usiseme "mimi" tena mbele ya mtu yeyote. Na nyuki usiwaguse, tafadhali. Wale wa kwetu hawana mzaha.

Wakikufukuza, usibishane. Panda gari la Siraji uje. Nijibu haraka.

Baba yako


Koboko, 16 Aprili 2024

Latifah,

Salaam, binti yangu. Uko mzima?

Idi imepita. Nilipika wali na nyama ya mbuzi, nikakuwekea sahani, watu wakanicheka. Sikupata jibu lako. Nilimtuma Siraji afike mpaka nyumbani kwako. Amerudi anasema mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na sauti ya mwanamke mzee ilimwambia aende zake. Mwanamke mzee nani? Amefanya nini na mtoto wangu?

Nilitaka kuja leo. Halafu nikafikiri, nikija wataona seremala mwenye mizinga amekuja kupima shamba. Nikivaa viatu naogopa nitakuharibia, nikivivua naogopa umekufa. Andika hata neno moja.

Baba yako


Ajia, 21 Aprili 2024

Baba yangu,

Salaam na radhi. Ni mzima. Mkono huu unaona umeandika vibaya kwa sababu bado umevimba.

Nilikuwa mjinga. Kabla barua yako haijanifikia nilichukua ngazi nikaenda kulishusha lile sanduku, nikifikiri likiondoka na kesi itaondoka. Walinishambulia kichwani na usoni. Nilianguka. Macho yote mawili yalifumba, siku nyingi sikuona hata mwanga wa mlango.

Huyo mwanamke mzee ni Eyotaru. Alisikia nikipiga kelele, akaja na kitenge chake akanifunika, akanikokota mpaka ndani. Alining'olea miiba ya nyuki mmoja mmoja kwa kucha. Alinipikia uji, akaninywesha, akafunga mlango watu wasione uso wangu. Na katika muda wote huo, Baba, mimi hakuniambia neno. Sijui alifanya hivyo kwa huruma au kwa aibu ya ukoo.

Sasa wanasema nilijaribu kuficha ushahidi. Wazee watakaa Jumamosi hii. Sanduku la pili nalo limeingiwa na nyuki.

Ushauri wako siwezi kuufuata. Nikisema ni wewe uliyetundika, basi ni mwanamume wa Koboko anayedai miti ya Ajia, na hapo ndipo moto utakapowaka. Nitasema kweli. Usije, Baba, nakusihi. Niombee tu nisiondolewe hapa.

Mwanao,
Latifah


Ajia, 28 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Umelala jana? Mimi sikulala, na leo nimelala mpaka jua likawa kali.

Walikaa uwanjani kwa Acidri, kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Niliulizwa mara moja tu: "Nani alitundika?" Nikasema, "Mimi." Nikaeleza kuhusu kwezi, nikaeleza kuhusu nta yako. Mzee mmoja alitabasamu kidogo, wengine hawakutabasamu. Acidri alisimama akasema kwamba hana chuki na mimi, ila akinyamaza leo, kesho mpaka utakuwa mlangoni kwake. Ningekuwa yeye labda ningesema hivyo hivyo. Nikaanza kufikiria vyombo gani ninaweza kubeba.

Ndipo Eyotaru akainuka kwenye mkeka wa wanawake. Akasema kwa Kilugbara, kwa sauti ya mtu anayelalamika kuhusu mvua: "Nilimtuma mimi. Magoti yangu hayapandi ngazi. Nani mwingine ningemtuma, na wanangu hawanijui ila wakiwa na njaa?"

Mwanamke aliyewazaa wanaume wa ukoo anaruhusiwa kutundika, na akimtuma mkwewe ni kama mkono wake. Acidri alijua ni uongo. Nilimwona akijua. Lakini atamwitaje mama yake mwongo mbele ya wazee? Alikaa chini.

Basi mizinga ni ya Eyotaru, na mimi ndiye mkono wake, kwa hiyo lazima niwepo. Ndivyo wazee walivyofunga shauri. Tulirudi pamoja njiani, nikajaribu kumshukuru. Akaniambia, "Santo alikuwa mwanangu. Unafikiri wewe peke yako unataka kukaa karibu naye?" Nililia, Baba, akaniacha nilie.

Tangu jana amehamia kwangu. Anasema mizinga yake inataka uangalizi. Analala kwenye mkeka na kiuno kinamuuma, lakini kitanda changu amekikataa, anasema ni cha mwanawe.

Usinihuzunikie. Nitakuja kukuona mvua zikipungua.

Mwanao,
Latifah


Koboko, 1 Mei 2024

Binti yangu Latifah,

Waalaikum salaam. Alhamdulillahi kwa uzima wako, na mkono uuoshe kwa maji ya chumvi mpaka upone.

Nikwambie kweli. Jumamosi nilikwenda msikitini, nikainua mikono, nikashindwa kuomba. Uliniambia nikuombee ubaki, na mimi tangu Machi nilikuwa nikitengeneza kitanda chako hapa, katika kile chumba cha upande wa barabara. Ukishinda nakukosa, ukishindwa nakupata unalia. Nikakaa vile vile, mikono juu, mdomo mtupu, mpaka watu wakatoka. Mungu atajua alichosikia.

Kitanda kilikuwa kimekwisha, kimebaki kupakwa rangi tu. Leo nimekifungua vipande vipande, kitakuja na Siraji Jumatatu. Si chako. Mpe Eyotaru, mwambie kimetoka kwa baba wa mkwewe, na kwamba namsalimu sana.

Hakina misumari, ni vigingi. Mguu wenye alama ya mkaa uweke upande wa kichwa. Gongeni polepole, mmoja ashike, mwingine agonge.

Baba yako,
Umaru