Bomba la Nyuma ya Hekalu

Nakaloke, Alhamisi, Agosti 1994

Kazi Baba Opio ameipata. Ningefurahi, lakini siwezi.

Miaka yote mume wangu huyu ameniambia kwamba alipokuwa jeshini kule Jinja hakuwahi kuingia hekalu lile la Wahindi. Leo tulikwenda kuomba nafasi ya mlinzi, maana wenyewe wamerudi na wanalikarabati. Kuhani wao, mzee mpole, alituambia tuvue viatu na tunawe miguu kwanza. Kabla hajatuonyesha pa kunawia, mume wangu alikuwa ameshazunguka ukuta, na nikasikia bomba likifunguliwa kule nyuma.

Mzee alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Ndani aligonga kengele, akatueleza kwamba ni ya kumwarifu mungu kuwa mgeni amefika. Halafu akawasha taa mbili za samli. Moja ni ya mungu. Ya pili, alisema, ni ya mlinzi wao wa zamani, aliyekataa kuwapa askari ufunguo mwaka ule Wahindi walipofukuzwa.

"Hatukuona hata kaburi lake, mama," aliniambia. "Watu wetu wanasema bado yuko hapa. Anamngoja aliyemchukua."

 Sasa Baba Opio amelala amegeukia ukuta. Najua hajalala.

Tunaihitaji kazi hii, Mungu anajua. Lakini

Anaanza Jumatatu, zamu ya usiku. Mzee alimkubali papo hapo. Hakumuuliza hata jina.