Kanda Yetu na Zile Dakika Nane

Halifax,
Desemba 27

Mdogo wangu mpenzi Lorna,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za Baba, anayesema nikuandikie kwamba hajambo isipokuwa magoti. Huko Carlisle mnaendeleaje? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tupo. Mimi si mgonjwa, nimechoka tu, kama mtu aliyeosha vyombo vya watu kumi na wawili ilhali waliokula ni watatu.

Jana, siku ya pili ya Krismasi, tuliitazama ile filamu yetu ya stesheni kama kila mwaka. Tulikula bata mzinga aliyebaki, kwa achari, na Baba alikuwa na taji lake la karatasi kichwani tangu juzi, hataki kulivua. Mume wangu Roy alisinzia kwenye kochi hata kabla theluji ya filamu haijaanza kuanguka, na mimi sikumwamsha. Niliweka kanda ileile ya video ya marehemu Mama, aliyoirekodi mwaka wa themanini na tisa, yenye maandishi yake ya kalamu nyekundu: USIFUTE. Unakumbuka alivyokuwa akizungushia vipindi vyake duara kwenye gazeti la ratiba ya televisheni, wiki mbili kabla ya sikukuu? Na ole wake ambaye angerekodi mpira juu yake.

Umri umenifumbua macho, Lorna. Ile theluji ni povu la sabuni. Jozi sita za wapendanao zimekwama stesheni moja mchana kutwa, na hakuna hata jozi moja iliyokaa ikazungumza dakika tano. Wanaume wanakimbia, wanawake wanangoja. Yule mkuu wa stesheni anayemfukuzia karani wake mpaka stoo, ambaye tulikuwa tukimcheka, leo angeitwa ajieleze. Na yule mama wa chai anayependwa na kasisi hasemi lolote filamu nzima zaidi ya kuuliza sukari vijiko vingapi. Baba alinisikia nikinung'unika, akanikata: "We Bev, ukitaka ukweli si ufungulie taarifa ya habari? Niache mimi na wapenzi wangu."

Lakini abiria wakianza kuimba pale kwenye jukwaa la kungojea treni, hata yule mkata tiketi mwenye tumbo, nalia. Kila mwaka nalia. Nadhani ni kwa sababu kila mtu mle anapata zamu yake, hata wale ambao kwa kawaida hakuna anayewaangalia. Sijaona filamu nyingine inayowagawia watu mapenzi sawasawa hivyo, kama Mama akikata keki.

Kisha picha ikakatika palepale inapokatika siku zote. Doreen, yule mke aliyemchoka mumewe, ameketi ndani ya treni na sanduku lake magotini. Mume yuko nje anagonga dirisha. Filimbi inapulizwa, na televisheni inajaa chenga. Baba akatamka maneno ya Mama, yale tunayoyasema sote kila mwaka: "Akashuka, wakarudi nyumbani, wakanywa chai." Tangu utoto wako umeambiwa kwamba kanda ilikuwa fupi, na kwamba Mama, aliyeuona mwisho siku ya kurekodi, ndiye aliyetumalizia hadithi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Unasema mumeo Clive bado anakaa hata siku tisa bila kukusemesha, kisa chai ilipoa. Unasema umefunga mabegi mara mbili ukayafungua, kwa kuwa kila ukifika mlangoni unamkumbuka Doreen. Unaniuliza nakushauri nini. Ndivyo ulivyoniuliza miaka minane iliyopita, uliponipigia simu kutoka stesheni ya Preston, mabegi yako miguuni, ukingoja treni ya kuja kwangu. Nami nikakuambia, "Rudi, mpenzi. Hata Doreen alishuka." Ulicheka, ukalia, ukarudi.

Lorna, kanda haikuwa fupi.

Siku ile ya kurekodi wewe ulikuwa umelala juu na surua yako, na Baba alikuwa ametoka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekaa kwenye zulia karibu na Mama. Treni iliondoka. Doreen hakushuka. Alifungua lile sanduku, akatoa sandwichi ya jibini, akaila taratibu akitazama mashamba, na hakugeuka nyuma. Filamu ilipokwisha, Mama aliirudisha kanda nyuma, akarekodi chenga juu ya zile dakika nane za mwisho, akavunja kipande cha plastiki cha pembeni ili isirekodiwe tena. Akaniambia, "Mdogo wako asijue. Baba yako ndiyo kabisa. Sema alishuka." Majira yale yote sanduku la Mama lilikuwa chini ya kitanda, limejaa nguo. Kesho yake alilirudisha darini.

Siri yake naielewa. Ya kwangu ndiyo inayoniaibisha. Pale Preston sikukudanganya kwa ajili ya Mama. Niliogopa kwamba wewe ukiondoka, itanibidi nijiulize mimi mwenyewe kwa nini nimekaa na Roy. Nilikuwa nimechoka tayari, nikaona afadhali tuchoke wote wawili. Nilikuibia miaka minane, mdogo wangu, na sina cha kukurudishia isipokuwa ukweli huu. Nisamehe ukiweza.

Chumba cha nyuma nimekitandika. Roy nitamwambia mimi, na Baba nimeshamwambia leo asubuhi kwamba huenda ukaja. Alivua lile taji lake, akasema, "Mwambie aje. Mama yenu nilikuwa naliona sanduku lake, sikuwahi kumuuliza." Kisha akaniomba chai.

Wasalimie majirani zako wema, na ujifunike vizuri shingoni, baridi ya mwaka huu haina huruma. Ukifika Preston, usinipigie simu kuniuliza kitu. Panda tu. Sandwichi nitakufungia mimi, nikupokee nayo.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Beverley